Mrija Usiodanganyika

Katika kijiji kizima cha Magindu hapakuwa na msichana wa kumshinda Holo binti Maige kuamka. Jogoo akiwika, Holo keshafua, keshaanika. Bidii iliyoje! Lakini ngoja kwanza, tusimvishe taji. Alichokifua kila alfajiri ni shuka moja tu, lile alilolikojolea usiku. Na umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili.

Lawama zote alitupiwa ndama. Kwa wafugaji kama kina Maige, ndama mchanga hulala ndani, hufungwa kamba pembeni mwa chumba ili fisi asimpate.

"Ndama kakojoa tena, mama," Holo alisema kila kukicha.

Mama alimgombeza ndama weee, mpaka siku moja akachoka. "Ehe! Kwa hiyo ndama wako hupanda kitandani, akajifunika shuka, akakojoa, kisha akashuka kujifunga kamba mwenyewe?" Siku hiyo fimbo haikumwangukia ndama.

Holo akaona aibu hata ya kuinua macho. Tangu hapo akaacha kunywa maji mchana. Shuleni alibana mkojo hadi magoti yakagongana, akidhani kibofu ni kama mtoto mtundu, ukikibana kitashika adabu. Wapi! Mambo yalizidi kuharibika.

Ndipo Mwalimu Sada aliposoma majina ya wasichana wa netiboli watakaokwenda kambini Kisarawe. Wangelala bwenini wiki nzima. "Holo, mfungaji wetu!" Darasa likapiga makofi. Holo akainuka nusu, akaketi tena. Alikuwa akiiota safari hiyo tangu darasa la nne, lakini bwenini shuka angelifulia wapi?

"Siwezi kwenda, mwalimu. Goti linaniuma."

"Goti lipi?"

"La kulia."

Akaondoka akichechemea mguu wa kushoto.

Mwalimu alimfuata hadi nyuma ya darasa, akamkuta analia. Holo akasema yote, maneno yakitoka moja moja. Mwalimu hakucheka. Wiki iliyofuata, kwa ushauri wake, Holo na mama yake walikuwa hospitalini Kibaha.

Daktari Mwanaamina, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliwaonyesha mrija laini, mwembamba kuliko wa kunywea soda. "Huu unaitwa katheta. Hapa nchani pana kidude kinachohisi msukumo. Tunauingiza kwenye kibofu kupitia njia ya mkojo, halafu tunatia maji kidogo kidogo. Kibofu kikijiminya, mashine inachora mstari unaopanda. Ukibanwa, uniambie."

Muuguzi akavuta pazia. Mama akamshika mkono. Mrija uliwasha kidogo tu. Aibu ndiyo iliyochoma. Holo akageuzia uso ukutani.

"Umebanwa, mwanangu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, daktari," alijibu, huku vidole vya miguu vimejikunja.

Daktari akamgeuzia kioo cha mashine. Mstari uliokuwa umelala ulikuwa umeruka juu kama mbuzi aliyeona chatu.

"Mimi unaweza kunidanganya," daktari alisema, "lakini mrija huu haukuonei haya. Kibofu chako kinajiminya chenyewe kabla hakijajaa. Si uvivu, wala hukurogwa. Ni ugonjwa, na una dawa."

Mama akainamisha kichwa. "Nami nilimchapa, daktari."

"Usimchape tena. Mpe maji mchana, ya kutosha. Aende msalani kila baada ya muda, hata kama hajabanwa. Na dawa asiruke."

Holo alifuata masharti yote. Polepole shuka likaanza kuamka kavu, leo ndiyo, kesho hapana, hatimaye kila siku. Akapakia nguo, akaenda Kisarawe.

Asubuhi ya kwanza bwenini, Mwalimu Sada alimkuta ameketi kitandani. "Pakavu?" alimnong'oneza.

"Pakavu, mwalimu!"

"Umeona? Kuugua si aibu. Ungeendelea kumsingizia ndama na goti, leo usingekuwa hapa. Ukificha ugonjwa, unamficha na daktari wake. Haya, usingizi ulikuwaje?"

"Nimelala fofofo, mwalimu. Hata kugeuka sikugeuka."

"Vizuri. Hebu nisaidie, wenzako wanabishana. Mvua ya usiku ilianza saa ngapi?"

"Saa saba, mwalimu. Ikakatika saa tisa, halafu ikarudi tena kwa ngu—"

Holo akaziba mdomo kwa mikono miwili.