Gauni Refu la Bonareri

Bonareri alianza kazi ya msaidizi wa muuguzi mwaka 1968, katika hospitali ndogo karibu na soko la Ikonge. Alikuwa na miaka kumi na tisa, lakini umbo lake lilikuwa la mtoto wa darasa la tano. Gauni la kazi lilimfika miguuni. Alilikunja mara mbili, akalibana kwa pini.

"Nilipeleke kwa fundi likatwe?" alimwuliza matroni.

"Ngoja wiki moja," matroni alisema. "Ukiweza kugeuza wagonjwa, tutalikata. Ukishindwa, gauni litamfaa mwingine mkubwa."

Bonareri aliogopa. Kule nyumbani Itumbe, mama yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake ni daktari.

Siku hiyo ya kwanza alipewa Mzee Machogu, mkulima wa chai. Homa ya mapafu ilikuwa imemmaliza nguvu, hakuweza kujigeuza. Lakini unene ulibaki wote, na nyayo zake zilipita mwisho wa kitanda. Mkewe, Bathsheba, aliketi kando akila ndizi za mgonjwa.

"Huyu mtoto amekuja kuona nani?" mzee aliuliza.

"Nimekuja kukugeuza, baba."

"Wewe? Hata jogoo wangu anakushinda."

Bonareri alimkumbatia mzee kifuani akamvuta kwa nguvu zote. Mzee hakusogea. Viatu vya Bonareri viliteleza, akamwangukia, na pini ya gauni ikamchoma mzee ubavuni.

"Bathsheba," mzee alisema polepole, "toa hii kitu juu yangu."

Wodi nzima ilicheka. Bonareri alilengwa na machozi.

"Na asirudi," mzee aliongeza, akishika blanketi kwa mikono miwili. "Huyu ni kama binti yangu. Binti hashiki mwili wa baba yake. Kwetu hiyo ni ensoni, ni aibu kubwa."

Muuguzi Drusilla alisikia kelele, akaja. Alimwomba mzee ruhusa, akamtazama mgongo.

"Ngozi imeanza kuwa nyekundu hapa kiunoni," alisema. "Mzee asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, itachubuka iwe kidonda. Kidonda cha kulalia huanza kidogo, halafu kinakula nyama mpaka mfupa."

Bathsheba aliacha kutafuna.

"Sina nguvu, Sista," Bonareri alisema.

"Si nguvu. Ulianza na mikono kabla ya mdomo. Halafu ulitaka kumbeba. Mgonjwa si gunia la mahindi. Anabingirishwa. Haya, anza na salamu. Mwambie wewe ni wa nani."

"Mimi ni mtoto wa Ombati, mwana wa Nyangate wa Itumbe."

"Nyangate mwenye pengo?" mzee aliuliza. "Tulitahiriwa mwaka mmoja."

"Huyo ndiye babu yangu."

Mzee alihesabu kwa vidole. Kisha akaachia blanketi. "Basi wewe si binti. Mimi ni sokoro yako, babu yako. Babu na mjukuu hawana aibu, wana utani tu."

"Kumbe nimeletewa mke mwenza," Bathsheba alisema. "Afadhali huyu, hatanimalizia chakula."

"Na angekuwa binti," Drusilla alisema, "tungemwita Omwenga, msaidizi wa kiume. Mgonjwa aulizwe kwanza."

Kisha alimwelekeza Bonareri. "Mfunike kwa shuka. Simama upande atakaogeukia. Vusha mkono wake kifuani, kunja goti lake la mbali. Shika bega na nyonga. Panua miguu, kunja magoti yako, kisha rudi nyuma na mwili wote."

"Sokoro, uko tayari?" Bonareri aliuliza. "Moja, mbili, tatu."

Mzee aligeuka kama mlango uliotiwa mafuta. Bonareri alimwekea mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti.

"Nani amekusaidia?" mzee aliuliza.

"Mimi tu."

"Rudia. Wale waliocheka hawajaona vizuri."

Wiki nzima Bonareri alimgeuza kila baada ya saa mbili mchana, na wenzake usiku. Bathsheba alijifunza pia, kwa ajili ya nyumbani. Wekundu ukaisha, na ngozi haikuchubuka.

Siku ya saba matroni alikuja wodini. Alimwangalia Bonareri akimgeuza mzee.

"Matroni," Mzee Machogu alisema, "mjukuu wangu hana shida. Shida ni hiyo pini."

Matroni alitoa mkasi mfukoni, akainama, akaanza kukata gauni.