Nyota Iliyolipuka Ukutani

Mume alikuwa mchoraji wa mabango. Watu walimwita Brashi. Mkewe walimwita Mama Rangi, kwa sababu yeye ndiye aliyechanganya rangi, na kwa jicho la rangi hakuna aliyemfikia. Nyumba yao ilinukia chai na rangi kwa pamoja.

"Mume wangu! Hicho ni kikombe changu cha chai!" Mama Rangi alisema asubuhi moja.

Brashi alitazama. Kweli, alikuwa amechovya brashi ndani ya chai.

"Ndiyo maana kijani hiki hakikolei," alijibu. Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Siku hiyo walikuwa na kazi kubwa. Hospitali iliwaomba wapambe ukuta wa wodi ya watoto. Sista mkuu alitaka anga lenye nyota.

"Na katikati chora mabaki ya ile nyota iliyolipuka," alisema. "Watoto waliyaona kwenye runinga. Tangu hapo hawana hadithi nyingine."

Brashi hakuuliza swali hata moja. Alijiambia, mlipuko ni mlipuko. Akachora moto mkubwa mwekundu. Ndimi zilipaa hadi karibu na dari. Juu yake akaweka moshi mweusi. Alirudi nyuma, akashika kiuno, akajisifu kimoyomoyo.

Kesho yake watoto waliletwa kuona. Mmoja wao alikuwa msichana mdogo ambaye manesi walimwita Kiroboto, kwa kuwa hakujua kutulia. Mkono wake mmoja ulikuwa na bandeji. Alikuwa ameungua kwa uji wa moto.

Kiroboto aliingia akirukaruka. Alipouona ukuta, alisimama ghafla. Kisha akaficha uso kwenye gauni la sista.

"Moto!" alilia. "Sitaki kulala humu!"

Kilio cha mmoja kikawa cha wote. Wodi nzima ikalia.

"Fundi," sista alisema kwa upole, "siwezi kuwalaza watoto hawa mbele ya moto."

Brashi na Mama Rangi walirudi nyumbani. Brashi hakugusa chakula.

"Nimemliza mtoto mgonjwa," alisema. "Nimeenda kuwafurahisha, nikawatonesha kidonda."

Wakati huohuo dada yake Brashi aliingia kurudisha sufuria. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na nyumba yake ilikuwa mlango wa pili.

"Mbona mmenuna kama mliofungwa mabao kumi?" aliuliza.

Wakamweleza. Mwalimu akavuta kiti, akakaa.

"Mdogo wangu, nani alikuambia kwamba ule ni moto?"

"Nyota imelipuka, dada. Ningechora nini, maua?"

"Ungeniuliza."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, halafu ningekueleza. Kuuliza si ujinga." Mwalimu alinyoosha kidole dirishani. "Unaona ile taa ya maandishi mekundu, pale duka la dawa? Ndani ya mrija wake kuna gesi. Umeme ukipita, gesi inang'aa. Je, inaungua?"

"Haiungui. Haina hata moshi."

"Basi mabaki ya nyota nayo hayaungui kama kuni. Sikiliza. Nyota kubwa sana ina uzito wa kutisha. Nguvu inayotoka katikati yake ndiyo inayoizuia isiporomoke. Siku nguvu hiyo ikiisha, kitovu chake kinaporomoka ghafla, na sehemu za nje zinarushwa mbali. Gesi inakimbia kwa kasi na kuigonga gesi nyingine iliyoko angani. Inapata joto kali, inang'aa. Itaendelea kung'aa hivyo kwa maelfu ya miaka, huku ikitanuka."

Mama Rangi aliweka mkono kifuani. "Wifi, na jua letu je? Halitatulipukia?"

"Jua letu ni dogo mno kulipuka namna hiyo. Lala usingizi wako."

Mwalimu akawaonyesha picha kwenye simu. Mama Rangi akaisogeza karibu na macho.

"Hee! Hii ni lesi!" alisema. "Tazama nyuzi zilivyosukwa!"

"Ndivyo zilivyo, nyembamba kama nyuzi. Hapa nyekundu ni gesi ya haidrojeni. Hii ya buluu na kijani ni oksijeni, hiyohiyo tunayovuta. Mara nyingine wataalamu huongeza rangi kwenye picha ili kila gesi ijulikane. Macho yetu peke yake yasingeona yote haya."

"Kwa hiyo ni maiti ya nyota," Brashi alisema kwa huzuni.

"Maiti inayozaa! Mabaki hayo huchanganyika na mawingu ya angani, na humo nyota mpya huzaliwa. Hata chuma kilicho kwenye damu yako kilitengenezwa na nyota zilizolipuka zamani sana."

Mama Rangi alimtazama mumewe. "Kumbe! Ndiyo maana kichwa chako kigumu."

Brashi akacheka, akavuta sahani yake.

Asubuhi walianza upya. Walipiga msasa, wakafuta moto wote, wakapaka buluu nzito kama wino. Mama Rangi alichovya uzi wa kufumia kwenye rangi, akaulaza ukutani, akauvuta polepole. Uzi ukaacha mistari myembamba, iliyopinda na kupishana. Brashi alifuata kwa sponji, akigusagusa tu. Mara hii walimwita mwalimu akague kabla rangi haijakauka.

Kiroboto alichungulia mlangoni. Brashi akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, nilikosea. Nilichora bila kuuliza. Huu sasa si moto."

"Hauniunguzi?"

"Hata kidogo. Ni gesi inayong'aa, tena iko mbali mno. Nyota ilipasuka, na mabaki yake yanazaa nyota nyingine."

Kiroboto alikagua ukuta wote, juu na chini.

"Hizo nyota nyingine ziko wapi?"

Brashi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama mwalimu. Walikuwa wamezisahau!

"Tulikuwa tunakusubiri wewe," Mama Rangi alisema haraka.

Sista alikubali watoto wachore nyota kwa vidole, kwa kuwa rangi ilikuwa ya maji. Kiroboto alichovya kidole cha mkono usio na bandeji kwenye rangi nyeupe, akabonyeza ukutani. Nyota ya kwanza ikazaliwa. Wenzake wakapanga foleni, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine mabegani kwa Brashi. Walisukumana na kucheka. Sista naye akaweka nyota yake, na nyingine ikamwangukia puani.

Jumamosi aliletwa mtoto mgeni. Aliona ukuta, akamshika mama yake kwa nguvu.

Kiroboto aliruka kutoka kitandani.

"Usiogope!" alisema. "Hiyo ni gesi. Njoo nikuonyeshe nyota niliyoizaa mimi."