Nyota Tano za Bruce

Majasusi wote wa Brussels nawajua, kwa majina na kwa viatu.

Bon. Namjua mmoja. Na viatu vyenyewe alikuwa ameazima.

Jumamosi ile mchana, viatu hivyo vilikuwa vinakimbia. Vilipanda ngazi za metro ya Porte de Namur mbili mbili, vikamkwepa mama mwenye toroli la ndizi, vikaingia barabara ya Chaussée de Wavre kwa kishindo. Vilikuwa vikubwa kidogo. Ndiyo maana ya kishindo.

Ndani ya viatu alikuwemo Donat, mtoto wa Bukavu, Kongo, mkazi wa mtaa wa Jette. Jina lake la kazi: Sombe, yaani kisamvu.

Kifaa cha Jabra kikalia sikioni.

"Sombe, Sombe. Hapa Bugali. Mafuta inatoka mu chungu."

Donat alisimama ghafla. Kiatu kimoja kiliendelea kidogo.

"Leo?"

"Leo. Sasa. Unafikiri mafuta inangojaka?"

Bugali ni maman Alphonsine, mkuu wake. Kwa majirani zake wa Woluwe-Saint-Lambert, yeye ni mjane mpole anayependa maua. Kwa ofisi moja isiyo na jina wala kibao mlangoni, ndiye anayewinda matapeli wa kasino za mtandaoni. Maua ni ya kweli pia. Ila upole, sina hakika.

Na mafuta? Mafuta yalikuwa ufunguo.

Kasino iliitwa Kanguru Royal. Haikuwa na nyumba wala meza wala mlango. Iliishi kwenye simu za watu, na leseni yake ilitoka kisiwa cha mbali ambacho hata samaki wake hawakijui. Haikupokea noti. Ilipokea kripto tu, pesa isiyoshikika mkononi, na wateja iliowataka zaidi ni Waaustralia wanaoanza kucheza, wale wasiojua bado pa kuuliza.

Mwenyewe alikuwa Papa Mwenze, mtu wa Lubumbashi, mwenye viatu vya ngozi ya mamba. Alikaa juu ya duka la simu, hapo hapo Matonge, mtaa wa Wakongo. Pesa yote ya wachezaji ilikuwa nyuma ya ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa ndani ya kifaa kidogo kama kidole gumba. Leo kifaa kingepanda treni kwenda kwa mnunuzi ng'ambo. Kikivuka mpaka, kasino ingezimwa. Waaustralia wangeamka na kukuta ukurasa mweupe.

Donat alijua haya yote kwa sababu alikuwa amekaa humo mwaka mzima, mfanyakazi wa Mwenze mchana, jasusi wa maman Alphonsine saa zote. Kazi aliyopewa humo ilikuwa kuandika tathmini za kasino, kwa jina la Bruce wa Brisbane.

Bruce alikuwa mzungu mchangamfu, mpanda mawimbi. Donat mwenyewe alifika pwani ya Ostende mara moja, akayaangalia maji, akarudi kwenye basi.

Lakini Bruce aliandika vizuri. Leseni ipo, nyota tano. Kutoa pesa ni upesi kuliko chai kupoa, nyota tano. Zawadi ya mgeni, nyota tano. Hakusema kwamba zawadi hiyo ni lazima uizungushe mchezoni mara arobaini kabla senti moja haijatoka. Hakusema kwamba anayeanza kwa busara huweka kidogo kwanza, akajaribu kukitoa hicho kidogo, na kisipotoka akakimbia. Alivijua vyote. Alivinyamazia.

"Maman, hii kazi inanichoma," aliwahi kumwambia Alphonsine.

"Mutego ya panya bila karanga, itashika nini?"

"Na karanga yenyewe inasikiaka je?"

Maman alichukua kopo la maji. Alimwagilia maua.

Halafu akaja Ushindi.

Aliandika kutoka Toowoomba, huko Australia, kwa Kiingereza. Lakini kabla ya kuuliza swali lake alimuuliza Bruce habari za afya, habari za mke, habari za watoto, na kama ng'ombe wako salama. Donat alisoma, moyo ukamruka. Huyu si mzungu. Huyu ni wa kwetu Kivu, wa Uvira. Alifanya kazi katika kiwanda cha nyama, na alikuwa anaweka akiba ya kumtoa mama yake kambini. Kaka Bruce, mimi ndiyo naanza. Nikiweka hiyo akiba, ni salama?

Donat aliutazama ukuta. Mwenze alikuwa nyuma ya bega lake, ananukia manukato ya Hugo Boss.

Bruce akajibu: salama, rafiki.

Ushindi aliweka yote. Sasa alikuwa ameomba kuitoa, na kila siku anaambiwa karatasi zake zinakaguliwa. Jana aliandika tena. Hakutukana. Aliuliza tu kama watoto wa Bruce walishapona mafua.

Kuna matusi mtu angeyapokea kwa furaha kuliko hiyo salamu.

"Sombe! Unalala?"

"Hapana, maman."

"Swali moja ya rapport ya ofisi. Weye mwenyewe, hukuchezaka mule mu Kanguru?"

"Miye? Maman! Hata siku moja."

"Bon. Nani anabeba?"

"Minaangalia."

Aliangalia. Mlango wa pembeni mwa duka la simu ulifunguka, akatoka Rolande.

Rolande alikuwa mwanamke wa Bukavu, mpokea wageni wa Mwenze, mwimbaji wa kwaya, mcheshi, mtu wa watu. Alikuwa na sanduku la Samsonite la magurudumu. Na kichwani, wigi jipya: refu kwenda juu, jeusi, limejaa kama mkate uliozidishiwa chachu.

Nyuma yake Zuberi, mlinzi, kijana wa Tanga mwenye mabega. Chini ya koti lake kulikuwa na Glock. Donat alikuwa na kalamu ya umeme aliyopewa na ofisi, inayoweza kumwangusha fahali. Aliibonyeza kuijaribu.

Kimya. Hakuichaji.

Rolande na Zuberi wakaingia Galerie d'Ixelles, ujia wa maduka na saluni, ili watokee upande wa pili, ambako BMW ilikuwa inangoja. Donat akafuata, kola juu, miwani ya Ray-Ban usoni. Kioo kimoja kilikuwa na ufa.

Jumamosi, Galerie hujaa vichwa. Vichwa vinasukwa, vichwa vinanyooshwa, vichwa vinangoja zamu. Kesho ilikuwa misa ya shukrani, na kwaya nzima ilikuwa humo inatengenezwa.

Ufunguo uko wapi? Sandukuni? Mkobani? Akikosea mara moja, Zuberi atajua, na ufunguo utapotea.

Hapo ndipo papa Anaclet, mzee wa parokia, alipotokea dukani na mfuko wa samaki wa chumvi.

"Rolande! Binti yangu!"

Akainamisha kichwa mbele. Watu wa Kivu tunajua. Kichwa kwa kichwa: kushoto, kulia, kushoto. Hata kama mmeonana asubuhi.

Rolande akarudi nyuma hatua moja. Akampa mkono.

Mkono!

Papa Anaclet aliutazama mkono ule kama mtu aliyepewa bili ya jirani.

"Eh. Tuko kwa notaire, tunasaini karatasi?"

"Pardon papa, niko na haraka."

Hatua chache mbele, rafiki yake wa kwaya alichungulia kutoka saluni, akatoa kichwa mlangoni asalimiwe. Rolande akampungia vidole kwa mbali.

Donat alitabasamu. Mwenze ni mtu wa Lubumbashi. Kwao mnapeana mikono, mnamaliza. Aliwaza maficho mazuri kuliko yote, akasahau kumuuliza mtu wa Bukavu.

"Bugali, hapa Sombe. Mafuta iko ku kichwa."

"Ku kichwa ya nani?"

"Ya Rolande. Ndani ya wigi. Anakataa kusalimia batu."

Upande wa pili wa simu, pumzi ilivutwa.

"Rolande anakataa kusalimia? Basi ni kweli."

"Zuberi iko na bastola."

"Na kalamu?"

"Kalamu... iko."

"Donat."

"Nitatumia njia ingine, maman."

Alitoa Samsung yake, akampigia Marie-Claire, kiongozi wa kwaya. Alimwona kupitia kioo cha saluni ya tatu: nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Maman Marie-Claire, aksanti kwa kazi ya Mungu. Nauliza tu, munajua Rolande anasafiri leo?"

"Rolande gani?"

"Wetu. Anaenda kabisa. Iko na sanduku. Naona hakutaka kuaga."

Akakata simu.

Moja. Mbili.

"ROLANDE!"

Milango ya saluni ilifunguka kama makabati yaliyopigwa teke. Walitoka mama wenye kofia za plastiki, mama wenye dawa kichwani inayochoma, mama wenye vitana vimening'inia. Msusi mmoja alitoka akivutwa, kwa sababu hakuiachilia rasta.

"Unaenda bila kuaga? Tulikukosea nini?"

"Unatukimbia sawa deni?"

"Hata pilipili ya njia hatukukupatia!"

Walimzunguka. Zuberi alipeleka mkono kotini.

"Jamani, please, dada ana treni, mpisheni..."

"Na weye ni nani? Unamuoa? Batu ya kwenu walikuya kujionyesha?"

Zuberi aliyatazama yale macho. Mkono ukatoka kotini mtupu. Kuna vita ambavyo Glock haivijui.

"Kichwa, Rolande!" Marie-Claire akaamuru.

"Niko na migraine, maman, kichwa inauma..."

"Kichwa!"

Kushoto.

Ko!

Marie-Claire akajishika paji la uso.

"Yesu! Una nini mule? Jiwe?"

Donat alikuwa ameshapenya. Akamshika Rolande mabegani, ndugu na ndugu, akamsalimia. Kulia. Kushoto. Vidole vyake viliingia chini ya wigi, vikakata uzi kwa wembe wa Gillette, vikatoka na kitu kidogo, cheusi, kigumu kama kidole gumba.

Nje, honi ya BMW iliyokuwa ikiwaita ilikatika ghafla. Watu wa maman Alphonsine walikuwa wamefika. Zuberi aliwaona, akainua mikono mwenyewe, akaonekana kama mtu anayeshukuru.

Rolande hakupiga kelele. Alimtazama Donat machoni, wigi limeinama upande mmoja, na akasema taratibu, ili kwaya isisikie:

"Miye nilibeba tu, Bruce. Weye njo uliwaita batu mu kasino."

Donat alimwachia mabega. Alisimama na ufunguo mkononi, alioutafuta mwaka mzima, na uliwasha kiganja kama dawa ile ya nywele.

Jumanne mchana, Toyota Yaris ya maman Alphonsine ilikuwa imesimama karibu na kibanda cha chipsi. Yeye na Donat walikula ndani ya gari, mayonezi kwa mmoja, pilipili kwa mwingine.

"Mwenze wamemushika," maman alisema. "Kiatu moja ya mamba ilibakia ku ngazi. Kasino imefungwa. Ofisi inarudisha feza leo, kila mutu yake."

"Na Ushindi?"

"Yake ilirudi asubuyi. Yote."

Donat aliweka uma chini. Aligeukia dirisha, kana kwamba tramu inayopita ilikuwa na jambo la kumwambia.

"Nataka kumuandikia, maman. Nimuombe musamaha."

"Utamuandikia sawa nani? Bruce amekufa. Na Donat hamujui."

"Ninamujua miye."

"Kula."

Hakula. Maman akampangusia pilipili kidevuni, na ukali ukampungua kidogo.

"Ulifanya sawa nilikutuma. Zambi yake ni yangu nusu. Lakini hauko mwizi, Donat. Hukuweka mukono mule. Haukuchezaka."

"Hata siku moja, maman. Naapa ku kaburi ya mama yangu."

"Mama yako alinipigia jana."

"Ku kaburi yake ya kesho-kesho."

Alifungua mlango wa gari. Akavaa Ray-Ban, akainua kola. Akaondoka polepole kandokando ya barabara, mabega sawa, bila kugeuka nyuma, jinsi majasusi wanavyoondoka. Hata viatu vilimtii.

Ndani ya Yaris, juu ya kiti, Samsung aliyoisahau ikawaka.

Maman Alphonsine alivaa miwani yake ya kusomea. Alisoma. Akateremsha kioo.

"Donat!"

Viatu vilisimama.

"Wanasema hapa: mupendwa mutu wa Jette, muchezaji wa Kanguru Royal, feza yako imerudishwa."

Donat alirudi hatua mbili. Alivua miwani.

"Iyo... nilijaribu tu, maman. Siku ile nilimujibu Ushindi. Nilitaka kuona kama inatoka kweli. Nisiwe nimemudanganya."

Maman alimtazama kwa huruma. Huruma ya kweli, ya mzazi. Kisha kidole chake kikateremka kwenye skrini, kikateremka, kikateremka tena.

"Ulijaribu."

"Nilijaribu, maman."

"Dix-sept fois, Donat? Mara kumi na saba?"