Neno Ambalo Mwalimu Norah Hakulifundisha

Soko la nyama la Burma, jijini Nairobi, lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Norah Awuor, gauni lake la rangi ya maziwa likiwaka miongoni mwa makoti yenye madoa ya damu, aliwatazama wauza nyama kana kwamba wangemwambukiza kitu.

"Madam, nikukatie wapi?" akauliza Muoki, jibaba la mabega mapana.

"Pasipo na mifupa. Na usiniite mrembo."

"Sijakuita."

"Ulikuwa karibu."

Kicheko cha Muoki kilimfuata hadi nyumbani kwake, mtaa wa Mbotela.

Jumapili alasiri Norah akamkuta Muoki katika darasa alilofundisha la Kiingereza cha watu wazima, kwenye ukumbi wa kanisa, amevaa shati lililopigwa pasi. Norah aliwadharau wanafunzi wake wote: vichwa maji, alisema moyoni. Lakini Muoki alipoanza kumpigia simu, hakukata.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Kwani wewe ni mama yangu?"

"Mama yako hajui ninavyokuwaza, mpenzi."

Mwezi mmoja baadaye Norah akawapa wanafunzi mtihani. *Circle the correct answer*, yaani zungushia jibu sahihi. Muoki alichora maduara safi, moja kando ya kila swali, yote matupu. Norah akainua karatasi.

"Oneni! Mzee mzima anachora chapati!"

Darasa likacheka. Muoki akasimama.

"Nilikuja kujifunza, Norah, na nilikuja kwa sababu yako. Yote mawili nimeyamaliza."

"Nenda. Bucha ndiyo saizi yako."

Wiki mbili simu haikulia. Ndipo Saado, mama muuza vitambaa aliyesoma darasa lile lile, akamwuliza, "Mwalimu, *circle* maana yake nini?"

"Duara."

"Si ndilo alilochora?"

Norah akaitafuta karatasi ya mtihani. Akamsomea maswali yale yale kwa mdomo. Saado akayajibu yote sawasawa. Majibu walikuwa nayo. Maneno ya kuwaagiza wafanye nini ndiyo hakuwahi kuwafundisha. Siku hiyo alisimama ubaoni, akatamka *circle*, akazungushia jibu, nao wakazungushia. Akatamka *underline*, wakapiga mstari. Aliona haya jinsi lilivyokuwa jambo rahisi.

Akampigia Muoki.

"Nisamehe."

"Ulinicheka mbele ya watu. Sasa unaniomba msamaha kwa simu, umejificha chumbani?"

Jumamosi Norah alisimama sokoni, mbele ya foleni ya wateja wa Muoki.

"Nilimdharau huyu kwa neno ambalo sikumfundisha," akasema kwa sauti. "Mjinga nilikuwa mimi."

Wauza nyama wakapiga mbinja. Muoki aliendelea kufuta kisu.

"Bado nina hasira."

"Nitangoja."

"Hapa, kwenye damu?"

"Hapa hapa."

Muoki akamvutia kigoda. Akahudumia wateja watatu bila kumtazama, kisha akasema, "Mama anakuja kesho kutoka Kitui. Nilimwambia yule mwalimu alishaenda zake. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie nitampikia."

"Unajua kupika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe?"

"Sijui," Norah akasema. "Nifundishe."