Mlango Usio na Hapana

Simu ya Denise ililia adhuhuri, akiwa anamsuka mteja sebuleni. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe: "Mgeni yuko mlangoni. Afunguliwe?" Alichungulia kwenye tundu la mlango, hakuona mtu. Ila harufu ya udi ilipenya chini ya mlango, na katika ghorofa lile la mtaa wa Malvern hakuna aliyekuwa akifukiza udi.

Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye. Denise akabonyeza Baadaye, kama mtu mwenye adabu anavyomwondoa mgeni bila kumfukuza. Mwenye nyumba alikuwa ameng'oa vitasa vya zamani na kukusanya funguo zote; sasa milango ilifunguliwa kwa programu ya simu. Mpangaji wa siku hizi haaminiwi hata na mlango wake mwenyewe.

Wiki nzima mgeni alirudi, na wiki nzima alijibiwa Baadaye. Kucha zikaanza kukwaruza chuma. Kisha Benita, kichanga chake, akaanza kuuchekea mlango uliofungwa, na hapo Denise akaogopa hasa.

Jirani yake, Bi Biubwa wa Unguja, alimuuliza kwa kunong'ona alikuwa akimjibu nini mgeni yule. Alipoambiwa, alishika kichwa.

"Mwanangu, hilo ni jini, na jini halisahau ahadi. Ukiliambia Baadaye, umeliahidi. Likatalie kwa kinywa chako, kabla halijaja kudai mtoto."

Denise akamwita mdogo wake, Pacifique, anayefanya kazi Sandton katika kampuni iliyotengeneza programu ile. Alifika jioni, akashindwa kumtazama dada yake usoni.

"Yaya, dada yangu, Hapana ilikuwako. Patron, mkubwa wetu wa kazi, alisema tuitoe. Batu bakipewa njia ya kukataa, batakataa."

"Nani aliitoa?"

"Miye njo niliitoa."

Simu ikalia, kitufe cha Baadaye kimetoweka na Ndiyo imebaki peke yake, udi ukajaa chumbani mpaka macho yakawasha, kucha zikapanda mlango kutoka chini hadi juu, Benita akanyoosha mikono kama anayetaka kubebwa, na Denise akamkumbatia mwanawe na kuuambia mlango, "Hapana. Si leo, si baadaye."

Kimya. Harufu ikakatika. Denise akalia kwa furaha, akamsamehe mdogo wake papo hapo.

Kisha simu ya Pacifique ikatetemeka. Kwake pia kulikuwa na mlango kama ule, na nyuma ya mlango huo alikuwa amemwacha mkewe, Arlène, mjamzito. "Mgeni yuko mlangoni." Kabla hajampigia mkewe, mstari wa pili ukatokea.

"Amefunguliwa na Arlène."