Dawa Ikiunguza, Sema Hapo Hapo

Wateja walimwita Bi Sindano, kwa sababu hakukosa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake. Alikuwa fundi wa nguo. Asubuhi ile alikaa mbele ya cherehani, lakini hakushona. Mkono wa kulia ulikataa kukunjika. Nyuma ya kiganja ngozi ilikuwa imevimba, ikatoka malengelenge.

Dada yake alileta kitambaa cha maji ya moto. "Lete nikukande."

"Jana ulinikanda, maumivu yakazidi."

"Si uvimbe tu wa kuchomwa sindano?"

"Sijui. Juzi ile dripu ya dawa ya saratani iliniunguza kama kaa la moto."

"Hukusema?"

"Nilisema. Muuguzi alikuwa na haraka. Akaniambia, 'Dawa kali hiyo, mama. Vumilia.' Nikavumilia."

Dada alitupa kitambaa kwenye beseni. "Uvumilie! Wewe mgonjwa au gunia? Vaa viatu."

Hospitalini, dada alikataa kiti. "Nani alimwambia mdogo wangu avumilie?"

Muuguzi mkuu alikuja. Alipouona mkono, uso wake ulibadilika.

"Una haki ya kukasirika, dada. Hata mimi nimekasirika. Dawa ilitoka nje ya mshipa, ikavuja chini ya ngozi. Baadhi ya dawa hizi zikivuja huchoma nyama. Aliposema inaunguza, dripu ilipaswa kusimamishwa palepale."

"Nami nikamkanda," dada alisema kwa sauti ndogo.

"Usimkande tena, wala usisugue. Dawa nyingine ikivuja hutaka baridi, nyingine hutaka joto. Tuulizeni kwanza."

"Nitashona tena?" Bi Sindano aliuliza.

"Tutakitibu kidonda, na daktari atakuona. Lakini kitachukua muda. Ungetuletea mkono huu siku ileile..."

"Niliuleta," alisema Bi Sindano. "Ulikuwa hapahapa, kwenye kiti chenu."

Muuguzi mkuu alikwenda kumwita daktari.

Safari iliyofuata, muuguzi aliyekuwa na haraka ndiye aliyemhudumia. Aliomba radhi. Alichagua mshipa mzuri wa mkono wa kushoto, mbali na kiungo. Akahakikisha kwanza damu inarudi kwenye mrija.

"Ikiuma, ikiunguza au pakivimba, niite."

Dawa ilianza kushuka. Baada ya muda, Bi Sindano alisikia moto uleule.

"Simamisha!"

Muuguzi alikuja mbio, akafunga dripu. Hakuchomoa mrija kwanza. Alivuta kwa bomba la sindano dawa iliyobaki ndani yake, ndipo akautoa. Alizungushia uvimbe alama ya kalamu, akauinua mkono juu ya mto, akamwita daktari. Kwa kuwa dawa ile ilitaka baridi, aliweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa.

Mkono wa kushoto haukutoka hata lengelenge moja. Wa kulia ulipona polepole, ukaacha kovu. Lakini ulishika sindano tena.

Siku nyingine ya dripu, mama wa kiti cha pili alikuwa amefumba macho, ameuma midomo.

"Mwenzangu, vipi?" Bi Sindano aliuliza.

"Inaniunguza. Si ndiyo inafanya kazi?"

Bi Sindano aligeukia mlango, akaita kwa sauti iliyofika mwisho wa ukumbi:

"Muuguzi! Njoo usimamishe hii! Kuna mtu anaungua hapa!"