Kitambaa cha Wifi

Mimi ni msusi, na wasusi hatujui kufunga midomo, kwa hiyo nisamehe mapema nikizunguka. Ila haya sikuyasikia kwa mteja. Yalitokea nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, na mimi nilikuwepo.

Mdogo wangu huyo tunamwita Matone, kwa sababu hata sukari kwenye chai anaitia kama anayepima dawa ya mtoto. Kazi yake ilikuwa kuchanganya maji ya sigara za umeme, hizi za kuvuta mvuke. Alifanyia kazi kwenye chumba kidogo kando ya jiko. Mezani alikuwa na mizani isiyozidi kiganja, mabomba ya sindano yasiyo na ncha, dumu la gliserini na vichupa vya ladha visivyohesabika. Ukutani kulikuwa na kabati lisilopitisha mwanga, na humo ndimo alimolaza michanganyiko yake. Ndivyo wanavyosema wenyewe, kulaza. Mchanganyiko ukitoka mezani bado mbichi, unakaa gizani wiki mbili mpaka ladha zishikane.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya kawaida kabisa. Nilipita kwake nikielekea saluni, nikamkuta ananusa kizibo cha chupa huku amefumba macho.

"Dada, kazi hii watu wanaiona ya mchezo," akasema.

"Kunusa vizibo? Mbona hata paka wangu angeiweza."

Akacheka, kisha akanishika mkono kunifundisha, maana ukimgusa kwenye mambo yake huondoki. Akasema kosa la wanaoanza ni kudhani ukiongeza ladha, inanoga zaidi. Vanila kwa asilimia tano ni tamu, ipeleke kumi na tano inakuwa chungu. Waridi kwa asilimia moja ni waridi, kwa asilimia sita unavuta sabuni. "Kuna mahali ukivuka, kitu kinaacha kuwa kile kitu," akasema. Tena pua ni mwongo. Ukinusa kitu kimoja muda mrefu hukisikii tena, unadhani kimepungua, unaongeza. Ndiyo maana kila baada ya sampuli tatu hutoka nje kuipumzisha pua.

Mke wake, wifi yangu, alikuwa amefariki miezi saba kabla. Tulisuka pamoja saluni miaka mitano, kiti changu na chake vikigusana. Alikuwa mashoto. Msusi anajulikana kwa mkono wake, na wa wifi ungeutambua barabarani: mistari yake ililalia kushoto, na alianzia kisogoni kuja mbele, kinyume na wasusi wote niliowahi kuwaona. Alimwachia Matone binti wa miaka sita mwenye nywele za kutosha watu watatu, na baba mwenyewe hata kuzichana hajui.

Nilikuwa natoka ndipo akafungua kabati. Akatoa chupa ya mdomo mpana yenye gliserini, na ndani yake kitu kilichokunjwa. Nilikitambua. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha wifi, alichokivaa wiki yake ya mwisho.

"Nimekilaza wiki tatu," Matone akasema. "Harufu yake inaondoka kwenye nguo, dada. Juzi mtoto kanusa gauni la mama yake, akaniambia halina mtu."

"Matone, hilo liache."

"Ni harufu tu. Yeye simpi avute. Nitapuliza sebuleni kidogo, aikumbuke."

Ningeichukua ile chupa palepale, lakini kulikuwa na mteja ananisubiri tangu saa mbili. Nikaenda zangu.

Jumatano mtoto alipita saluni akitoka shule, amesukwa vizuri sana.

"Nani kakupendezesha hivi?" nikamuuliza.

"Mama."

Nilimgeuza kichwa taratibu. Mistari ilianzia kisogoni. Yote ilikuwa imelalia kushoto.

Nilitoka na simu hadi uani. Nikamuuliza Matone amempeleka mtoto kwa nani. Akasema hajampeleka popote, alidhani nimepita mimi asubuhi. Kisha akaongea, na kilichonitisha ni kwamba sauti yake ilikuwa na furaha.

"Dada, ile ya kitambaa ilikuwa asilimia mbili tu."

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Nilipofungua mlango harufu ilinipokea kifuani. Mafuta ya nywele, sabuni ya kufulia, jasho la shingo la mtu aliyesimama kutwa nzima. Wifi mtupu. Sina aibu kusema nililia, maana nilikuwa nimemkumbuka sana. Matone alikuwa amekaa kwenye kochi na sigara yake ya umeme mdomoni, macho mekundu, mashavu yameingia ndani.

"Unamsikia?" akaniuliza. "Mimi simsikii. Nimepandisha hadi saba, wapi."

"Nyumba nzima inanukia, Matone. Pua yako imechoka. Toka nje."

"Nikitoka ataondoka."

Mtoto alikuwa chumbani, ameketi kitandani bila kuchezea chochote. Mistari safari hii ilikuwa imekazwa mpaka nyusi zimepanda. Nilipoanza kumfumua niliona vidoa vya damu kwenye kila mzizi.

"Shangazi," akaninong'oneza, "mama anavuta sana."

"Mwambie apunguze."

"Nimemwambia. Hasikii."

Nilimwomba Matone nimchukue mtoto hata kwa wiki moja. Akasimama mlangoni, akaniuliza kama nataka kumtenganisha na mama yake mara ya pili. Njia nzima nilijitukana kwa kumwacha mle ndani, na usingizi ulinikimbia siku tatu. Jumamosi, saa sita mchana, niliwatoa wateja nikafunga saluni. Nilikuwa nimeamua kuondoka na mtoto hata kwa kupigana.

Safari hii harufu niliikuta kwenye ngazi za nje, mlango wa jikoni. Haikuwa ya wifi tena. Ilikuwa na utamu uliooza, na chini yake harufu ya chumba kilichofungwa na mtu ndani. Matone alikuwa mezani, bomba la sindano mkononi.

"Kumi na nne," akasema. "Kumi na nne, dada, na bado simsikii."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa jirani. Anacheza."

Nilimshika kola nikamburuta hadi uani. Nikamkalisha juani, nikamwambia apumue. Alikuwa mwepesi mno kwa mtu wa umri wake. Tukakaa hapo nusu saa hivi. Kisha upepo ukageuka, ukatoka mlangoni kuja kwetu. Nikaona uso wa mdogo wangu unabadilika.

"Dada," akanong'ona. "Ni nini kile?"

"Ndicho unachompulizia mwanao."

Akajipinda, akatapika. Jirani akasikia, akachungulia juu ya ukuta kutuuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwomba atuletee mtoto.

"Mtoto gani?" akasema. "Leo hajaja kwangu."

Tulikimbia.

Mapazia ya sebuleni yalikuwa yamefungwa. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kochi, mgongo wima, kichwa kimevutwa nyuma. Macho yalikuwa wazi. Machozi yalikuwa yanatiririka, lakini hakutoa sauti. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mto wa kochi ulikuwa umebonyea.

Nywele zake zilikuwa zinasogea.

Zilijigawa. Zikajipandanisha. Mstari ukatoka kisogoni ukaja mbele, ukajikaza, ngozi ya kipaji ikavutika. Kisha mwingine.

Matone alitaka kumnyakua. Nikamzuia kwa mwili wangu wote. Kichwa kikiwa katikati ya kusukwa hakivutwi, na kwa nguvu ile angetoka na mtoto na kuiacha ngozi. Nilikuwa naogopa. Lakini kuna jambo moja tulilifanya na wifi kila siku kwa miaka mitano. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea kichwa. Unaweka mkono pale ulipo mkono wake, unamwambia, na yeye anaachia.

Nikapiga magoti. Nikapeleka mkono polepole mpaka kwenye nywele zilizokuwa zinasogea.

"Wifi," nikanong'ona. "Umechoka. Nipe. Nitamalizia mimi."

Nywele zikasimama.

Nikagusa vidole. Vilikuwa vikavu, baridi, vimejazana kwenye ule msokoto mmoja. Nilivihesabu bila kutaka. Saba. Nane. Bado vilikuwepo vingine.

Kisha vikaachia, kimoja kimoja. Mto wa kochi ukapanda taratibu. Mtoto akaniangukia kifuani, akavuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti kama mtoto yeyote anavyolia. Sijawahi kushukuru kilio namna ile.

Matone alifungua madirisha yote. Chupa ya kitambaa alikwenda kuizika mbali, peke yake, na hadi leo sijamuuliza wapi. Mezani hakubakiza hata kizibo. Sasa anafanya kazi ya kubeba mizigo sokoni, na anasema hakuna harufu anayoisikia, nzuri wala mbaya.

Mtoto nilimnyoa siku ileile. Chini ya nywele tulikuta mistari tisa myeupe kwenye ngozi, kutoka kisogoni hadi kwenye kipaji. Daktari wa ngozi alisema ni makovu ya kuvutwa na nywele hazitaota pale. Nilikubali, ningefanya nini? Anaishi kwangu, baba yake anakuja kila jioni, na nyumbani kwangu hata udi hauwashwi. Tangu siku ile sijashika kitana. Saluni nimekodisha.

Miezi kumi na moja imepita salama. Juzi Jumapili nilikuwa namwosha kichwa uani, jua linawaka, yeye ananiimbia wimbo wa shule. Vidole vyangu vikapita kwenye nywele zilizoota upya na kwenye makovu kama kawaida. Nikasimama. Nikahesabu tena.

Kumi.

Wa kumi ulikuwa bado mwekundu, una unyevu.

"Mwanangu," nikamuuliza, "nani kakusuka?"

Akageuza uso wenye povu, akaniangalia kwa mshangao.

"Si wewe, shangazi? Ulisema utamalizia."